UDHAMINI WA VITUO VYETU: AMANA ILIYOKOSA WABEBAJI

  

Ndugu Waislamu, hapa Tanzania Bara kila mtaa wenye msikiti una jambo moja linalowahusu watu wote na kushughulikiwa na watu watatu au wanne. Jambo hilo ni udhamini wa kituo. Tunaposema kituo hatukusudii msikiti peke yake. Tunakusudia msikiti pamoja na madrasa iliyo ubavuni mwake, zahanati au shule ya awali, kisima, ukumbi wa mihadhara, na zile fremu za maduka zinazotazama barabara ambazo kodi yake ilikusudiwa kuwalipa walimu. Hayo yote ni mali ya Waislamu. Yamejengwa kwa sadaka za wauza maandazi, wavuvi, makuli, watumishi wa serikali na kina mama wa vikundi vya kuweka na kukopa.

Ijumaa moja hutangazwa baada ya swala kwamba nafasi ya mdhamini i wazi, na ndugu mwenye uwezo anaombwa ajitolee. Hapo ndipo mtu huona ajabu. Mhasibu hutafuta viatu vyake. Wakili hukumbuka kwamba ana safari. Mwalimu mstaafu, ambaye kutwa hushinda barazani akihesabu makosa ya kamati, huinamisha kichwa kana kwamba anasoma uradi. Mwishowe nafasi hupewa yule yule aliyekuwa nayo, au ndugu yake, au yeyote ambaye hakuwahi kukataa jambo. Miaka mitatu baadaye watu hao hao walioinamisha vichwa ndio huwa wa kwanza kuuliza: "Fedha za fremu zimekwenda wapi?"

Sisi tunasema wazi: aliyekula amana ana dhambi yake, na aliyekuwa na uwezo wa kuilinda akaiacha kwa makusudi naye ana swali la kujibu mbele ya Allah (S.W.).

MDHAMINI NI NANI?

Wengi wetu hudhani mdhamini ni mtu mzima mwenye heshima anayewekwa mbele wageni wanapokuja. Sivyo. Sheria ya Kuunganisha Wadhamini, Sura ya 318 ya sheria za Tanzania, inaziruhusu taasisi kama zetu kuwasilisha majina ya wadhamini wao kwa Kabidhi Wasii Mkuu. Ofisi yake iko ndani ya Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA), wakala iliyozinduliwa mwaka 2006. Maombi yakikubaliwa, wadhamini wale hupewa cheti na kuwa mtu mmoja mbele ya sheria. Mtu huyo ana lakiri yake, aweza kumiliki ardhi kwa jina lake, aweza kushitaki na kushitakiwa, wala hafi kwa kufa kwa mmoja wao.

Zingatieni hilo la mwisho, kwani ndani yake imo siri ya jambo zima. Mwanadamu hufa na bodi iliyosajiliwa hubaki. Hati ya kiwanja ikiandikwa jina la Mzee fulani, hata awe mchamungu kiasi gani, siku anapofariki kiwanja kile machoni pa mahakama ni sehemu ya mirathi yake. Watoto wake huenda wasijue kwamba baba yao alikuwa mshika dhamana tu. Huenda wakajua, na njaa ikawashinda. Ni mara ngapi tumesikia mnunuzi amekuja na karatasi halali mkononi, na waumini hawana cha kumwonyesha isipokuwa kumbukumbu za wazee na machozi?

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mdhamini ni kuhakikisha kwamba mali iko kwenye jina la bodi. Ya pili ni kuhakikisha kwamba bodi yenyewe iko hai. Wadhamini waliosajiliwa wanatakiwa kuwasilisha marejesho yao kila mwaka, na kutoa taarifa anapofariki, anapojiuzulu au anapobadilishwa mmoja wao. Bodi ambayo kati ya majina yake saba manne yako makaburini, na hakuna aliyekwenda kuyabadilisha, ni bodi ya jina tu. Siku ya kesi haina wa kusimama, na siku ya kufungua akaunti benki haina wa kutia saini.

Ya tatu ni ardhi. Chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 hati ya kumiliki ardhi hutolewa kwa muda maalumu, usiozidi miaka 99, na ina masharti ya matumizi. Muda huisha, na masharti huvunjwa. Nani katika msikiti wako anajua hati yenu ni ya miaka mingapi, na ilitolewa mwaka gani? Ikiwa hakuna, jueni kwamba mnaswali juu ya ardhi ambayo hamjui mmeishika kwa kamba ipi.

UDHAMINI SI MAMBO YA WAZUNGU

Wako ndugu wanaosema kwamba bodi, katiba, mihtasari na ukaguzi ni mambo ya kikafiri, na kwamba Waislamu wa mwanzo waliendesha mambo yao kwa kuaminiana tu. Maneno haya ni ya mtu asiyeijua historia ya dini yake.

Mtume (S.A.W.) alipofika Madina na kutaka kujenga msikiti wake, kiwanja kilichochaguliwa kilikuwa cha mayatima wawili, Sahl na Suhayl. Walitaka kukitoa bure. Mtume (S.A.W.) alikataa kukipokea kwa zawadi, akakinunua. Tazameni: msikiti wa Mtume wa Allah, uliojengwa kwa amri ya Allah, haukuanza mpaka umiliki wa ardhi yake ulipokuwa safi usio na shaka. Leo sisi tunajenga kuba na mnara wa mamilioni juu ya kiwanja ambacho ushahidi wake ni karatasi ya mauziano iliyoliwa na mende.

Kisha Umar bin Al-Khattab (R.A.) alipata ardhi Khaybar, ambayo hakuwahi kupata mali aliyoipenda kuliko hiyo. Akamwendea Mtume (S.A.W.) kutaka shauri, naye akamwelekeza kuizuia asili yake na kuyatoa sadaka mazao yake. Umar akaifanya wakfu: isiuzwe, isitolewe zawadi, isirithiwe. Mapato yake yakawekwa kwa mafakiri, jamaa, kuwakomboa watumwa, njia ya Allah, wasafiri na wageni. Msimamizi akaruhusiwa kula kwa wema bila ya kujilimbikizia. Bukhari na Muslim wameipokea habari hii. Abu Daud ameongeza kwamba Umar aliandikisha waraka wa wakfu wake, mwandishi akiwa Mu'ayqib na shahidi akiwa Abdullah bin Al-Arqam.

Hebu tuhesabu yaliyomo. Kuna mali iliyotajwa, kuna makusudio yaliyotajwa, kuna wanaostahiki waliotajwa, kuna msimamizi na mpaka wa haki yake, kuna waraka, mwandishi na shahidi. Yote hayo yalikamilika kabla ya kuwapo nchi inayoitwa Uingereza. Lililo geni kwetu ni uvivu wa kuandika.

Na nani aliusimamia wakfu ule baada ya Umar? Katika waraka wake Umar alimtaja binti yake, Mama wa Waumini Hafsa (R.A.), muda wote wa uhai wake, kisha mwenye busara katika jamaa zake. Tunawauliza wale wanaoona ni aibu jina la mwanamke kuwamo katika bodi ya wadhamini: je, nyinyi mna wivu wa dini kuliko Umar? Akina mama ndio wanaochanga, ndio wanaopika futari, ndio wanaojua mtoto gani wa madrasa hana ada. Inapofika kwenye daftari la fedha, wanaambiwa wakae nyuma ya pazia. Sheria ya nchi haiwazuii, na mfano wa Umar uko wazi.

VISINGIZIO VYA WENYE UWEZO

Sasa tugeukie visingizio, maana vimekuwa vingi na vinavalishwa kanzu.

Cha kwanza ni kile cha mwenye kusema: "Naogopa amana." Anataja hadithi ya Abu Dharr (R.A.), ambaye Mtume (S.A.W.) alimwambia kwamba yeye ni dhaifu na kwamba jambo hilo ni amana ambayo Siku ya Kiyama itakuwa hizaya na majuto. Hadithi ni sahihi, ameipokea Muslim. Lakini mbona haisomwi mpaka mwisho? Ndani yake anatolewa yule aliyeichukua kwa haki yake na akatekeleza wajibu wake ndani yake. Abu Dharr aliambiwa kuwa ni dhaifu wa kazi ile. Wewe ambaye umeaminiwa na mwajiri wako kutunza hesabu za mamilioni, na kila mwezi unazifunga bila kupotea shilingi, ni udhaifu gani unaoudai unapokuwa msikitini? Unaogopa amana ya Allah na huogopi amana ya benki?

Cha pili ni kile cha mwenye kusema: "Dini inakataza kuomba uongozi." Ni kweli Mtume (S.A.W.) alimuusia Abdurrahman bin Samura (R.A.) asiombe uongozi. Lakini kuna tofauti ya mbali baina ya anayekimbilia cheo na anayeitika wito. Nabii Yusuf (A.S.) alijitoa mwenyewe kusimamia hazina za Misri, akataja sifa mbili: kuhifadhi na kujua. Wanazuoni wamelieleza hilo kwamba, mtu mwenye uwezo akiona jambo litapotea na hakuna mwingine, kujitokeza kwake si tamaa. Mtaa wako una wahasibu wangapi? Ikiwa ni wewe peke yako, basi hadithi uliyoitaja si kimbilio lako.

Cha tatu ni: "Sina muda." Bodi nyingi za vituo hukutana mara nne kwa mwaka, na zikizidi mara moja kwa mwezi. Anayesema hana saa mbili kwa mwezi huonekana kila wikiendi mbele ya runinga akitazama timu za Ulaya dakika tisini, na tisini nyingine akijadili mchezo uliokwisha. Wenye dhiki za kweli tunawajua na hatuwasemi. Tunawasema wale ambao muda wanao, ila haujapata kugawiwa dini fungu lake.

Cha nne, nacho ndicho chenye ukweli ndani yake, ni: "Wazee hawatuachii." Hili tunalikubali, na hatutalifunika.

KWA WAZEE WETU

Wazee wetu, tunakuheshimuni. Nyinyi ndio mliobeba matofali vichwani, mkachimba msingi kwa majembe, mkaswali chini ya makuti wakati sisi hatujazaliwa. Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Lakini neno huharibika pale mzee anapodhani kwamba kwa kuwa alijenga, basi anamiliki. Aliyetoa kiwanja chake wakfu amekitoa kwenye milki yake, na hana haki ya kukirudisha kwa mlango wa nyuma kwa kuishika bodi mpaka kufa na kumrithisha mwanawe. Wakfu haurithiwi, na usimamizi wake nao si urithi wa nyumba.

Mkiulizwa hesabu msikasirike, wala msiseme mnavunjiwa heshima. Mtume (S.A.W.) alimtuma mtu wa kabila la Azd, ajulikanaye kwa jina la Ibn Al-Lutbiyya, kukusanya zaka za Bani Sulaym. Aliporudi, Mtume (S.A.W.) alimhesabu. Yule mtu akasema hizi ni zenu, na hizi nimepewa zawadi. Mtume (S.A.W.) akapanda mimbari, akahoji mbele ya watu kwa nini asingekaa nyumbani kwa baba yake na mama yake aone kama zawadi hiyo ingemfuata. Habari hii imo katika Bukhari na Muslim. Basi kuhesabiwa ni Sunna. Ikiwa sahaba aliyetumwa na Mtume mwenyewe alihesabiwa, nani kati yetu aliye juu ya kuhesabiwa?

Na tazameni Surat An-Nisaa, aya ya sita. Mlezi wa yatima aliye tajiri anaamrishwa ajizuie, aliye fakiri ale kwa wema, na siku ya kukabidhi mali waletwe mashahidi. Allah (S.W.) anatosha kuwa Mwenye kuhesabu, na juu ya hivyo ameamrisha mashahidi. Wale wanaosema "Mungu anajua" kila wanapoombwa stakabadhi, waisome aya hiyo upya.

HASARA TUNAYOIPATA

Chukulieni kituo kimoja chenye fremu sita, kila moja ikilipiwa shilingi 100,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni shilingi 7,200,000. Walimu watatu wa madrasa wangeweza kupata shilingi 150,000 kila mmoja kila mwezi, jumla shilingi 5,400,000 kwa mwaka, na shilingi 1,800,000 zikabaki kwa ajili ya umeme, maji na matengenezo. Badala yake fremu mbili zinakaliwa na jamaa wa mjumbe bila kodi, moja ilipangishwa kwa mkataba wa mdomo, na zilizobaki hulipa fedha taslimu kwa mtu anayeziweka mfukoni mwa kanzu mpaka apate nafasi ya kuziandika. Mwalimu wa madrasa anaondoka akauze mitumba. Watoto wanabaki na kijana ambaye naye hajamaliza juzuu. Kisha tunashangaa kwamba kizazi kinatuponyoka.

Na hili tulitazame pia kwa jicho la historia. Jumuiya ya EAMWS iliyoasisiwa mwaka 1945 ilipigwa marufuku hapa nchini Desemba 1968, na mali zake zikaenda mikononi mwa BAKWATA. Tangu hapo, kwa zaidi ya nusu karne, Waislamu wamekuwa wakililia mali zile katika makongamano na makala. Kilio hicho kina haki yake, na historia hiyo isisahauliwe. Lakini anayelilia cha 1968 inampasa aonyeshe anavyotunza cha leo. Haiwi sawa mtu ajue majina ya waliopoteza mali zama zile, na asijue majina ya wadhamini wa msikiti anaoswali kila siku. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi ufa tunauona kila tunapokwenda kutawadha.

TUNAYOYATAKA

Kwa hiyo tunawaita waumini wa kila msikiti wayafanye haya, nayo hayahitaji mfadhili kutoka Uarabuni wala kibali cha mkubwa yeyote.

Kwanza, waumini waombe kwa adabu, baada ya swala na si kwa vurugu, waonyeshwe cheti cha usajili wa bodi, hati ya kiwanja na orodha ya wadhamini waliopo. Ikiwa kimojawapo hakipo, iundwe kamati ndogo ya kukitafuta au kukiomba upya.

Pili, udhamini uwe na muda uliotajwa katika katiba, na ukifika mtu aondoke, hata akiwa mwema. Wazee waasisi wawekwe katika baraza la walezi, wapewe heshima yao na waombwe ushauri, na kalamu ya benki iende kwa wengine.

Tatu, saini za benki zisipungue tatu, na wasiwe watu wa nyumba moja. Kodi za fremu zilipwe benki moja kwa moja kwa mkataba ulioandikwa. Mdhamini asipangishe mali ya kituo kwake mwenyewe wala kwa jamaa yake bila ya bodi kukaa, yeye akiwa nje ya kikao, na uamuzi ukaandikwa.

Nne, hesabu zibandikwe ubaoni kila robo mwaka, kwa lugha ambayo muuza karanga ataielewa: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki.

Tano, wanaochaguliwa wawe na sifa mbili alizozitaja binti aliyemsifia Musa (A.S.) kwa baba yake katika Surat Al-Qasas: nguvu na uaminifu. Mwaminifu asiyejua kusoma mkataba atadanganywa. Anayeujua mkataba na si mwaminifu atadanganya. Bodi ya watu saba yaweza kuzikusanya sifa hizo kwa kuchanganya mzee, kijana, mhasibu, mwalimu, fundi na mwanamke mwenye kuaminiwa na wenzake.

Nanyi vijana mliosoma, mnaopenda kusema kwamba mambo yabadilike, mlango huu hauvunjwi kwa mateke. Anzeni na kazi asiyoitaka mtu: kuandika mihtasari, kuorodhesha mali, kufuata hati katika ofisi ya ardhi, kupanga foleni RITA. Mtu aliyeifanya kazi hiyo mwaka mzima bila posho hahitaji kugombana na mzee yeyote. Waumini watamwita wenyewe, naye akiitwa haitamjuzia kuinamisha kichwa.

Ndugu zetu katika imani, mayatima na walimu wa vituo vyetu hawana wakili mwingine zaidi ya mtu wa mtaani kwao mwenye elimu kidogo, muda kidogo na hofu nyingi ya Allah. Katika msikiti wako yumkini mtu huyo ni wewe. Ijumaa ijayo litakapotoka tangazo, usitafute viatu.

Tunamuomba Allah (S.W.) atujaalie kuwa miongoni mwa wanaozichunga amana zao na ahadi zao, azilinde mali za Waislamu na mikono ya wahaini, na awalipe kheri waliozitoa na wanaozitunza. Amin.

Wabillahi Tawfiq.